Mgeni Aliyefungiwa Njia



Katika mazungumzo ya amani tumezoea kusema juu ya vita, juu ya mashamba yanayogombaniwa na juu ya vijana walioshika silaha. Leo tutasema juu ya jambo linaloonekana dogo: ile tarehe inayoandikwa katika pasipoti ya mgeni, siku ambayo anapaswa kuwa ameondoka na kurudi kwao. Ni mstari mmoja tu wa wino. Lakini mwaka 2020 mstari huo uliwatia watu wengi mashakani dunia nzima, na katika miji mingine ulileta chuki kati ya wenyeji na wageni.

Swali letu ni hili. Mgeni ameingia kwa haki, karatasi zake ni sawa, ameambiwa aondoke siku fulani. Kabla ya siku hiyo kufika, ugonjwa unaingia, ndege zinasimama, mipaka inafungwa. Siku inapita, naye bado yupo. Je, amevunja sheria? Na wewe mwenyeji wake, umtazame kwa jicho gani?

Tuanze na methali ambayo sote tunaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia kumkumbusha mgeni kwamba sasa amechosha. Lakini itazame tena. Haikusema siku ya tatu umpe fimbo, wala umfungie mlango. Imesema umpe jembe. Anayepewa jembe anaonyeshwa shamba, anakula alichosaidia kulima, na majirani wote wanajua kwa nini bado yupo. Wazee walijua kwamba mgeni anaweza kukawia bila kupenda: mto umejaa, mtoto ameugua, kuna vita mbele ya njia. Hawakungoja watu waanze kumwita mwizi. Walibadili hali yake waziwazi, mbele ya wote.

Viza ni mapatano ya namna hiyo, ila yameandikwa. Nayo yana pande mbili. Mgeni anaahidi kurudi kwa wakati. Mwenyeji, yaani serikali, anaahidi kumwachia njia ya kurudi mpaka siku hiyo. Upande mmoja ukishindwa kutimiza, si haki kuuhukumu upande wa pili peke yake. Kwa hiyo serikali inapofunga njia inapaswa kusogeza na tarehe. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike leo. Sasa tuone historia inasema nini.

Kumzuia msafiri kwa ajili ya ugonjwa si jambo la jana. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik katika nchi ya Kroatia, uliamuru kwamba watu wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo zikawa 40, na kutoka neno la Kiitaliano la arobaini, quaranta, likapatikana neno karantini. Angalia kwamba amri ile ilikuwa na hesabu. Msafiri aliambiwa atakaa mahali gani na kwa siku ngapi, na siku zikiisha aliingia mjini kama watu wengine. Alizuiwa, lakini hakusahauliwa.

Hapa kwetu Kongo tulionja namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wabelgiji, ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana. Wakoloni walifunga sehemu nyingine za nchi, wakawakusanya wagonjwa mahali palipoitwa lazareti, na wakawadai watu karatasi ya daktari kabla ya kusafiri. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na wako madaktari waliojitoa kwa moyo. Lakini njia za biashara na za ujamaa zilikatwa kwa nguvu, bila kuwasikiliza wenye kuzitumia. Watu wengi waliiona lazareti kuwa gereza, wakaikimbia. Na aliyejificha, alijificha pamoja na ugonjwa wake. Funzo hilo tulilipa kwa maisha ya babu zetu: mtu anayeogopa adhabu hajitokezi kupimwa.

Ndiyo maana mataifa yaliketi pamoja kuandika kanuni. Kanuni za Afya za Kimataifa tulizo nazo zilikubaliwa mwaka 2005 chini ya Shirika la Afya Duniani, zikaanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Zinaipa kila nchi ruhusa ya kujikinga, lakini bila kukata safari na biashara kupita inavyohitajika. Kifungu cha 32 kinataka msafiri atendewe kwa kuheshimu utu wake na haki zake, na kwamba anayewekwa karantini apate chakula, maji na mahali pa kukaa. Kifungu cha 40 kinasema mtu anayetembea tu, asiyekuja kuomba ukaaji, asitozwe gharama ya karantini aliyolazimishwa. Lakini siku ya kwisha kwa viza iliachwa mikononi mwa kila nchi. Hapo ndipo matata ya mwaka 2020 yalipoanzia.

Wa kwanza kuyaonja walikuwa watu wa baharini. Tarehe 1 Februari 2020 meli ya watalii iitwayo Westerdam iliondoka Hong Kong ikiwa na watu zaidi ya 2,200, abiria na wafanyakazi. Japani ikaikataa. Taiwan ikaikataa. Ufilipino, kisiwa cha Guam na Thailand vilevile. Watu wale walikuwa wamelipa nauli zao na tarehe zao za kurudi zilikuwa zimepangwa, lakini hapakuwa na bandari ya kushukia. Mwishowe Kambodia, nchi isiyo tajiri, iliifungulia bandari ya Sihanoukville tarehe 13 Februari.

Muda mfupi baadaye hali hiyo ikaingia nchi kavu. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba korona imekuwa ugonjwa wa dunia nzima. Kwetu, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametangazwa Kinshasa siku moja kabla, tarehe 10 Machi. Rwanda ilifunga mipaka yake tarehe 21 Machi, ikiacha mizigo ipite, pamoja na raia na wakaaji wake waliorudi, ambao walipaswa kukaa karantini siku 14. Siku mbili hivi baadaye Uganda nayo ikafunga. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, mipaka yetu ikafungwa kwa wasafiri, na Kinshasa ikatengwa na mikoa mingine. Tarehe 25 Machi Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje na kwenda nje.

Hesabu mwenyewe siku hizo. Katika muda wa juma moja, mgeni aliyekuwa Bukavu, Kigali au Kampala aliona milango yote ikifungwa mbele na nyuma yake. Ndege za kimataifa za Rwanda na Kenya zilianza tena tarehe 1 Agosti, za kwetu tarehe 15 Agosti, na uwanja wa Entebbe ulifunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mtu aliyeingia mwanzoni mwa Machi kwa viza ya siku 30, angefanya nini ili arudi kwa wakati? Angetembea kwa miguu juu ya bahari?

Serikali zenye nguvu zilituma ndege. Ujerumani ilianza kuwakusanya watu wake tarehe 17 Machi, na kufikia mwisho wa Aprili watu kama 240,000 walikuwa wamerudishwa kwao. India ilianza ndege zake za kuwarudisha raia tarehe 7 Mei. Lakini si kila mgeni alikuwa na serikali ya kumtumia ndege. Mwanafunzi aliyemaliza masomo, mfanyabiashara aliyekwenda kununua mali, mama aliyekwenda kumwona binti yake aliyezaa, wote walibaki na pasipoti mkononi na hela zinazopungua kila siku. Kumbuka pia kwamba viza ya kutembea hairuhusu kazi. Mgeni wa namna hiyo hakuwa na hata jembe la siku ya tatu.

Sasa tuone serikali zilivyojibu. Thailand, ileile iliyoikataa meli, ilijibu vizuri kwa wageni waliokuwa ndani. Ilitangaza kwamba mgeni ambaye ruhusa yake imekwisha tangu tarehe 26 Machi 2020 anaongezewa muda bila kwenda kupanga mstari ofisini na bila kulipa faini, mpaka mwisho wa Julai. Halafu wakapewa nafasi mpaka tarehe 26 Septemba ili waondoke au watengeneze karatasi zao. Uingereza nayo ilitangaza tarehe 24 Machi kwamba wageni wasioweza kurudi kwao wataongezewa muda, mpaka mwisho wa Mei, halafu mwisho wa Julai, halafu wakapewa mwezi wa Agosti wa kujitayarisha kuondoka.

Usifikiri kwamba serikali hizo zilifanya hivyo kwa huruma tupu. Zilijua hesabu yake. Ukiwaita maelfu ya wageni wapange mstari mbele ya ofisi moja, unawagawia ugonjwa. Ukiwaacha bila karatasi, wanajificha, hawaendi hospitalini, na kila askari anayewakuta njiani anajipatia mlango wa kuomba hela. Tarehe mpya iliyotangazwa redioni inaufunga mlango huo. Mgeni anajua haki yake, askari anajua mpaka wa kazi yake, na jirani hana la kunong’ona.

Mahali pengine mambo yalikwenda vibaya. Nchini India, jioni ya tarehe 24 Machi, waziri mkuu alitangaza saa mbili usiku kwamba nchi nzima itafungwa ifikapo saa sita. Ndege za kimataifa zilikuwa zimekwisha kusimama. Huko Delhi palikuwa na wageni Waislamu kutoka nchi nyingi waliokuja kwa mkutano wa dini katika mwezi huo wa Machi. Ugonjwa ulionekana kati yao. Mara maneno yakaenea kwamba wao ndio walioleta korona, na Waislamu wa India wenyewe wakaanza kutazamwa vibaya kwa sababu yao. Wageni zaidi ya 900 walishitakiwa kwamba wamevunja masharti ya viza na ya ugonjwa. Wengine walikaa miezi bila kuona familia zao.

Mahakama yalisema nini? Tarehe 21 Agosti 2020 Mahakama Kuu ya Bombay ilifuta mashitaka ya wageni 29, ikaonya kwamba inaonekana walichaguliwa wabebe lawama ya watu wote. Tarehe 15 Desemba mahakama ya Delhi ikawaachilia wageni 36 wa nchi 14, kwa kuwa hayakuonekana makosa. Haki ilipatikana, lakini ilichelewa. Neno baya lilikuwa limekwisha kutembea kijiji kwa kijiji, na hukumu ya hakimu haitembei kwa mbio kama uvumi.

Mfano wa pili unatugusa sisi Waafrika. Katika mwezi wa Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou nchini China, ambako wafanyabiashara wengi kutoka Afrika huenda kununua mali, Waafrika walitolewa katika nyumba walizopanga, wakakataliwa katika hoteli, na wengine wakalala nje. Kati yao walikuwamo wenye viza nzuri na kodi iliyolipwa. Mabalozi wa Afrika katika Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje wa China kulalamika. Sisi huku tuliposikia habari hizo tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini swali linaturudia: na sisi, mgeni wetu anapofungiwa njia, tunamfanyia nini?

Nakuomba sasa urudi nami kwenye mipaka yetu, maana hapa tuna shule yetu wenyewe. Kabla ya korona tulikuwa na Ebola. Ugonjwa huo uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukafika Ituri na Kivu Kusini, ulikwisha Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Tarehe 14 Julai 2019 ulionekana Goma, mji unaogusana na Gisenyi kama nyumba mbili za uwanja mmoja. Makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku. Mama mwenye kikapu cha nyanya aliyevuka asubuhi, akipewa jetoni, alitarajiwa kurudi jioni. Naye alikuwa mgeni mwenye tarehe, ila viza yake ilikuwa ya siku moja.

Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga mpaka huo kwa sababu ya Ebola, halafu ikaufungua siku ileile. Badala ya kufunga, kazi iliendelea ya kunawa mikono na kupimwa joto kila anayevuka. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema wazi kwamba kufunga mipaka hakutasaidia, maana watu watapita njia za panya ambako hakuna maji wala kipimo. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja wa Ebola ile. Ujirani na kinga vilikwenda pamoja.

Mfano mwingine ni wa wakati wa korona yenyewe. Ndugu zetu wa Ituri waliokimbia mauaji walikwama kwa majuma karibu na mpaka wa Uganda, uliokuwa umefungwa. Mwanzoni mwa Julai 2020 Uganda ilifungua mpaka kwa siku tatu katika wilaya ya Zombo, ikawapokea watu zaidi ya 3,000, ikawapima na kuwaweka karantini kwanza. Tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka kwenda Rwanda, wakati korona ilikuwa bado ipo. Walipokelewa, na wengi wakarudi makwao mara moto ulipopoa. Kati ya nchi zetu kuna mambo mazito na maumivu mengi, sitaki kuyafunika. Lakini usiku ule mpaka ulifunguka, na mgeni alirudi kwao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nakuachia mambo matatu.

La kwanza ni la mgeni mwenyewe. Haki yake ya kungojewa haimwondolei wajibu. Usingoje siku ya mwisho ndipo uulize. Mara usikiapo kwamba mipaka inafungwa, nenda DGM ukiwa Kongo, au ofisi ya uhamiaji ya nchi uliyomo, uonyeshe tiketi iliyofutwa, uombe karatasi ya kuongezewa muda. Jiandikishe kwa balozi wako. Tunza kila karatasi. Na njia ikifunguliwa, rudi. Mgeni anayegeuza ugonjwa kuwa kisingizio cha kukaa miaka anamharibia mgeni atakayekuja baada yake.

La pili ni la wakubwa. Amri ya kufunga na amri ya kusogeza tarehe zitoke siku moja, katika tangazo moja, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaisikia. Kufunga bila kusogeza ni kumtengeneza mkosaji kwa kalamu. Na ikiwezekana, watu wapewe siku chache kabla ya mlango kufungwa, maana wengi watarudi kwao wenyewe bila kusukumwa.

La tatu ni letu sisi majirani. Katika nchi hii tunajua vizuri neno “mgeni” linavyoweza kugeuzwa kuwa silaha. Kwanza watu wanasema: fulani amechelewa kuondoka. Halafu wanasema: yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Halafu wanasema: hata babu yake hakuwa wa hapa. Kutoka neno la kwanza mpaka la tatu si mwendo mrefu, na wengi wetu tumeona mwisho wake. Ukisikia neno la kwanza katika kartie yako, uliza: je, njia ya kwao iko wazi? Kama imefungwa, waeleze wenzako. Kama mtu ana homa, mpeleke kituo cha afya, awe mwenyeji au mgeni, kwa maana ugonjwa hauombi pasipoti.

Korona ilikoma kuhesabiwa kuwa dharura ya dunia tarehe 5 Mei 2023. Lakini tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyingine, ya mpox, na safari hiyo nchi yetu ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko zote. Safari ijayo huenda ni wewe utakayekuwa ugenini, na tarehe yako inapita ukitazama barieri iliyofungwa. Utatamani kukutana na watu wa namna gani upande ule? Basi anza kuwa mtu wa namna hiyo kwako.

Wazee walisema tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuzungumze juu ya jambo hili nyumbani, kanisani, msikitini na sokoni. Mpaka tutakapokutana tena, mbaki na amani.